Vifaa vya usalama katika karakana za magari ya umeme

Vifaa vya usalama katika karakana za magari ya umeme ni mavazi, zana na vyombo vinavyotumiwa na mafundi ili kujikinga na mshtuko wa umeme, cheche kali, moto na kemikali wanapohudumia magari yanayoendeshwa kwa umeme peke yake au magari mseto, yaani yale yenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme. Miongoni mwake kuna glavu za mpira za kuhami umeme, ngao ya uso, zana zenye mipini ya kihami, multimita ya volti kubwa, mkeka wa mpira, kufuli, uzio na fimbo ya kumwokolea aliyenaswa na umeme.

Vifaa hivi ni kinga ya mwisho, si ya kwanza. Kinga ya kwanza ni kuutenganisha umeme wa bateri kubwa na sehemu nyingine za gari, kuzuia usirudishwe, kisha kupima na kuthibitisha kwamba haupo. Glavu na ngao humlinda fundi wakati anapofanya hatua hizo tatu, na pia pale ambapo umeme hauwezi kuondolewa kabisa, kama ndani ya bateri yenyewe.

## Chanzo cha hatari

Gari la kawaida la petroli au dizeli hutumia bateri ya volti 12, na malori mengi hutumia volti 24. Volti hizo zinaweza kuunguza waya au kuyeyusha spana iliyogusa ncha mbili za bateri, lakini kwa kawaida haziwezi kusukuma mkondo wa kuua kupita katika ngozi ya binadamu.

Hali ni tofauti katika magari ya umeme. Toyota Prius, gari mseto lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, lilikuwa na bateri ya volti 288. Katika toleo la pili la mwaka 2003 bateri ilikuwa ya volti 201.6, lakini inveta iliweza kuipandisha hadi volti 500 kabla ya kuipeleka kwenye mota. Nissan Leaf, lililoingia sokoni mwaka 2010, lina bateri ya volti 360 hivi. Porsche Taycan la mwaka 2019 lilileta mfumo wa volti 800.

Kanuni namba 100 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari ya umeme huhesabu umeme kuwa ni wa volti kubwa ukizidi volti 60 za mkondo mnyoofu au volti 30 za mkondo geu. Mkondo mnyoofu ndio unaotoka kwenye bateri. Mkondo geu ndio unaotoka kwenye inveta kwenda kwenye mota. Kwa hiyo karibu kila gari mseto na kila gari la umeme liko juu ya mpaka huo. Nyaya za volti kubwa hufunikwa kwa ganda la rangi ya machungwa ili fundi azitambue mara moja.

Ukubwa wa hatari unaweza kuonekana kwa hesabu fupi ya kanuni ya Ohm. Mwili wa mtu mwenye mikono iliyolowa jasho unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Akishika ncha mbili za bateri ya volti 360, mkondo utakaopita ni 360 ÷ 1,000, yaani ampea 0.36 au miliampea 360. Mkondo geu wa miliampea 30 ukipita kifuani kwa muda unaweza kuhatarisha maisha. Mwili huvumilia mkondo mnyoofu kwa kiasi kikubwa zaidi, lakini si hadi miliampea 360. Moyo unaweza kuanza kutetemeka ovyo badala ya kusukuma damu, na misuli ya mkono inaweza kukakamaa.

### Tofauti na umeme wa nyumbani

Umeme wa nyumbani unaweza kuzimwa kwa swichi kuu, na nyumba nyingi zina kifaa cha kukata umeme unapovuja kwenda ardhini. Bateri ya gari haina swichi ya namna hiyo. Relei na plagi zinaweza kuitenga na nyaya za nje, lakini seli zilizomo ndani zinabaki na umeme wake mchana na usiku. Pia kikata umeme cha ukutani hakimsaidii fundi aliyegusa bateri, kwa sababu umeme huo hautoki kwenye gridi.

Jambo jingine ni kwamba mfumo wa volti kubwa haukuungwa na bodi ya gari kama ulivyoungwa mfumo wa volti 12. Nyaya zote mbili, chanya na hasi, zimehamiwa mbali na bodi. Kwa hiyo mtu akigusa waya mmoja tu pamoja na bodi katika gari zima, mkondo hauna njia ya kurudi. Lakini ikiwa waya wa pili umechubuka na kugusa bodi, njia hiyo imekwisha kupatikana, na fundi hawezi kuliona tatizo hilo kwa macho. Ndiyo sababu glavu huvaliwa hata pale gari linapoonekana zima.

### Aina za hatari

* Mshtuko wa umeme, mkondo unapopita mwilini.
* Tao la umeme, yaani cheche kubwa yenye joto kali inayotokea nyaya zinapogusana au zinapotenganishwa zikiwa na mkondo. Huunguza uso, macho na mikono hata bila mtu kugusa waya.
* Moto, gesi na kemikali kutoka kwenye bateri iliyopasuka, iliyopondwa au iliyopata joto kupita kiasi.
* Kuwaka kwa gari bila kutarajiwa. Gari mseto likiwa limewashwa huweza kukaa kimya kabisa, kisha injini ikajiwasha yenyewe au gari likasogea.
* Sumaku na uzito. Mota nyingi zina sumaku zenye nguvu ambazo zinaweza kuvuruga kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa mwilini. Mwenye kifaa hicho hatakiwi kuzifungua. Bateri ya Nissan Leaf ya kwanza ina uzito wa karibu kilogramu 300.

## Mavazi ya kujikinga

### Glavu za kuhami umeme

Glavu za mpira ndizo kifaa muhimu kuliko vyote vinavyovaliwa, na ndizo hukosewa zaidi. Glavu za kazi za kawaida, za jikoni, za hospitali au za ngozi si kinga dhidi ya umeme. Glavu zinazofaa hutengenezwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa IEC 60903 au kiwango cha Marekani ASTM D120, na huwa na lebo inayoonyesha daraja, saizi na mtengenezaji.

Madaraja mawili hutumika kwenye magari:

* Daraja 00, lebo ya rangi ya kaki: hadi volti 500 za mkondo geu au 750 za mkondo mnyoofu. Hujaribiwa kwa volti 2,500.
* Daraja 0, lebo nyekundu: hadi volti 1,000 za mkondo geu au 1,500 za mkondo mnyoofu. Hujaribiwa kwa volti 5,000.

Karakana nyingi huchagua daraja 0 kwa sababu linatosha magari yote ya sasa. Daraja 00 halitoshi kwa gari la volti 800.

Mpira wa glavu ni mwembamba na hutobolewa kirahisi na ncha ya waya au ukingo wa bati. Kwa hiyo juu yake huvaliwa glavu za ngozi. Glavu ya ngozi huwa fupi kuliko ya mpira, ili umeme usitambae juu ya ngozi hadi kufikia mkono. Ndani, baadhi ya mafundi huvaa glavu za pamba za kufyonza jasho.

Kila siku kabla ya kuzivaa, glavu hukaguliwa kwa macho na kwa hewa. Fundi huikunja glavu kuanzia kwenye mdomo wake ili hewa ibaki ndani na vidole vijae, kisha huiweka karibu na shavu au sikio ili ahisi au asikie kama hewa inatoka. Baadaye huigeuza nje ndani na kurudia. Tundu dogo kama la sindano linatosha kuifanya glavu isifae. Glavu iliyopasuka haibandikwi kiraka cha mpira wa baiskeli. Hukatwa vidole na kutupwa ili asije mwingine akaivaa.

Ukaguzi wa hewa hauonyeshi kila udhaifu. Kanuni za usalama kazini za Marekani hudai glavu zinazotumika zipimwe kwa umeme katika maabara kila baada ya miezi 6, na zilizokaa stoo bila kutumika zisianze kutumiwa ikiwa miezi 12 imepita tangu kipimo cha mwisho. Tarehe ya kipimo hugongwa au huandikwa kwenye glavu. Kwa hiyo glavu mpya kabisa iliyonunuliwa zamani inaweza kuwa imepitwa na wakati.

Mpira huharibiwa na jua, joto, mafuta ya injini, grisi na petroli. Glavu hutunzwa ndani ya mfuko wake, bila kukunjwa, mahali penye kivuli na baridi. Kuziacha juu ya dashibodi au kwenye sanduku moja na spana zenye grisi hufupisha maisha yake. Huoshwa kwa sabuni isiyo kali na maji, hukaushwa kivulini, kisha hupakwa poda.

### Miwani na ngao ya uso

Miwani ya usalama huzuia vipande vinavyoruka na majimaji ya bateri. Kwa kazi zinazoweza kutoa tao la umeme, kama kuchomoa plagi ya kukatia umeme au kufungua bateri, huvaliwa ngao ya uso iliyotengenezwa kwa ajili ya tao. Ngao ya kawaida ya plastiki inayotumiwa kwenye mashine ya kusaga chuma haikukusudiwa kazi hiyo.

### Viatu na nguo

Viatu huwa na soli ya kihami na havina misumari. Nguo huwa za pamba au za kitambaa kisichoshika moto, zenye mikono mirefu. Nailoni na poliesta huyeyuka na kugandia kwenye ngozi zinapopatwa na cheche. Kabla ya kazi fundi huvua saa, pete, mkufu na bangili, na hutoa mfukoni funguo, kalamu za chuma na simu. Pete ikiunganisha ncha mbili za bateri hupata joto la kukata kidole.

## Zana na vipimo

### Zana zenye kihami

Spana, bisibisi, koleo na ratcheti za kazi hii hufunikwa kihami kwa kufuata kiwango IEC 60900. Huwa na alama ya pembetatu mbili zilizopishana pamoja na maandishi «1000 V». Alama hiyo ina maana kwamba zinafaa hadi volti 1,000 za mkondo geu au 1,500 za mkondo mnyoofu, na kwamba zilijaribiwa kiwandani kwa volti 10,000. Zana nyingi zina tabaka mbili za rangi tofauti: rangi ya ndani ikionekana, zana hiyo imechubuka na haifai tena.

Kuzungushia spana utepe wa umeme au kuivika kipande cha mpira wa maji hakuifanyi kuwa zana ya kihami. Utepe hulegea kwa mafuta na hauna kipimo kinachojulikana.

### Multimita

Multimita ya kazi hii hufuata kiwango IEC 61010 na huandikwa CAT III pamoja na volti 1,000. Nyaya zake za kupimia lazima ziwe na alama hiyohiyo, kwa kuwa kipimo kizuri chenye nyaya dhaifu ni sawa na kipimo dhaifu. Multimita za bei rahisi zinazouzwa kwa ajili ya redio na betri ndogo zinaweza kulipuka mkononi zikiunganishwa na volti 400.

Kipimo cha kuthibitisha kwamba umeme haupo hufanywa kwa hatua tatu. Kwanza multimita hupimwa kwenye chanzo kinachojulikana kuwa na umeme ili kuona kwamba inafanya kazi. Pili hupimwa mahali pa kazi: kati ya chanya na hasi, kati ya chanya na bodi, na kati ya hasi na bodi. Tatu hurudishwa kwenye chanzo cha kwanza. Hatua ya tatu ndiyo husahauliwa, nayo ni ya lazima: multimita iliyokufa katikati ya kazi huonyesha sifuri kama ile iliyo nzima.

### Kipima kihami

Kifaa hiki, ambacho mafundi wengi hukiita mega, hupima ukinzani kati ya nyaya za volti kubwa na bodi ya gari kwa kutumia volti 500 au 1,000. Kanuni namba 100 hudai angalau omu 100 kwa kila volti katika saketi ya mkondo mnyoofu. Kwa mfumo wa volti 400 hiyo ni omu 40,000. Gari lililo chini ya kiwango hicho lina uvujaji, na halifai kurudishwa kwa mwenyewe hadi chanzo kipatikane.

## Vifaa vya eneo la kazi

* Mkeka wa mpira wa kiwango IEC 61111 hutandikwa sakafuni pale fundi anaposimama. Hufagiliwa kila siku, kwa kuwa vyuma vidogo huutoboa.
* Uzio na ishara. Gari linalohudumiwa huzungushiwa mnyororo wa plastiki au utepe, na huwekwa bango lenye pembetatu ya manjano na mshale wa radi mweusi. Bango hutaja jina la fundi anayehusika, ili wengine wajue wa kumwuliza.
* Kufuli na lebo. Plagi ya kukatia umeme ikishatolewa, nafasi yake hufungwa kwa kufuli au kifuniko, na ufunguo hukaa na fundi mmoja tu.
* Fimbo ya uokoaji. Ni fimbo ndefu ya faiba yenye ndoano pana mwishoni, inayotumiwa kumvuta mtu aliyenaswa bila mwokoaji kumgusa. Hutundikwa mahali panapoonekana, si kabatini.
* Meza ya kunyanyulia bateri. Bateri kubwa huteremshwa kwa meza ya haidroliki yenye uso mpana. Jeki ya kawaida huweka uzito wote mahali pamoja na inaweza kupasua sanduku la bateri.
* Vifuniko vya kihami. Ncha zilizoachwa wazi hufunikwa kwa kofia za plastiki au mablanketi ya mpira.

## Jinsi vifaa vinavyotumika pamoja

Utaratibu kamili hupatikana katika mwongozo wa mtengenezaji wa gari husika, nao hutangulia maelezo mengine yoyote. Kwa jumla hatua ni hizi:

1. Gari hutolewa kwenye chaji, huwekwa breki ya mkono, huzimwa, na huhakikishwa kwamba neno «READY» halionekani kwenye dashibodi.
2. Ufunguo, hasa ule usiochomekwa, huwekwa mbali na gari, kwa kawaida mita 5 au zaidi, mahali pa kufungiwa.
3. Uzio na bango huwekwa.
4. Bateri ya volti 12 hutenganishwa. Relei kuu za bateri kubwa hutegemea umeme wa bateri hii, ukikosekana hufunguka.
5. Fundi huvaa glavu zilizokaguliwa na ngao ya uso, kisha huchomoa plagi ya kukatia umeme. Katika Nissan Leaf plagi hiyo iko sakafuni chini ya zulia. Katika Prius iko nyuma karibu na bateri.
6. Plagi hufungiwa au hukaa mfukoni mwa fundi.
7. Husubiriwa muda uliotajwa kwenye mwongozo, mara nyingi dakika 5 hadi 10. Ndani ya inveta kuna kapasita zinazobaki na umeme hata baada ya bateri kutenganishwa.
8. Hupimwa kwa multimita kwa hatua tatu zilizoelezwa juu, glavu zikiwa bado mikononi.

Baada ya kipimo kuonyesha kwamba hakuna umeme, kazi kwenye mota, inveta au kompresa ya kiyoyozi inaweza kuendelea kwa mavazi ya kawaida. Kipimo kikionyesha volti yoyote ya hatari, kazi husimama.

## Bateri iliyofunguliwa

Kufungua sanduku la bateri ni kazi ya hatari kuliko zote. Plagi ikichomolewa, mnyororo wa seli hukatwa vipande viwili, lakini kila kipande kinaweza bado kuzidi volti 60. Bateri ya Prius ya toleo la pili ina moduli 28 za volti 7.2 kila moja. Fundi anayebadilisha moduli chache zilizochoka anafanya kazi juu ya kitu chenye umeme kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hakuna swichi ya kumsaidia.

Kwa sababu hiyo kazi hii hufanywa na watu wawili, mmoja akiwa mwangalizi anayejua mahali pa fimbo na namna ya kutoa huduma ya kwanza. Glavu na ngao hazivuliwi. Zana za kihami pekee ndizo huruhusiwa mezani. Vipande vya chuma vinavyounganisha moduli hutolewa mapema ili kugawa bateri katika mafungu madogo yenye volti chini ya 60, na kila ncha hufunikwa mara inapoachwa wazi.

Bateri za nikeli za magari mseto ya zamani zina majimaji ya alkali yanayounguza ngozi na macho. Yakimwagika hupunguzwa makali kwa mchanganyiko wa asidi ya boriki au siki, na fundi huvaa glavu zinazozuia kemikali pamoja na aproni. Chombo cha kuoshea macho huwa karibu.

## Moto na bateri iliyoharibika

Seli ya lithiamu iliyopondwa, iliyochajiwa kupita kiasi au yenye hitilafu ya ndani inaweza kuanza kujipasha joto yenyewe na kuambukiza seli za jirani. Dalili zake ni kuvimba, harufu tamu au kali isiyo ya kawaida, mlio wa kufoka na moshi. Gesi zinazotoka ni pamoja na hidrojeni, kaboni monoksidi na floridi ya hidrojeni, ambayo huunguza mapafu.

Mtungi wa unga wa ABC au wa kaboni dioksidi unafaa kwa moto mdogo wa karakana ambao haujafika kwenye bateri. Bateri kubwa ikishawaka, mitungi hiyo haiwezi kuipoza. Kinachohitajika ni maji mengi kwa muda mrefu, na hiyo ni kazi ya kikosi cha zimamoto chenye vifaa vya kupumulia. Mitungi ya daraja D, inayokusudiwa kuzima metali inayowaka, si jibu la bateri za lithiamu-ioni. Wafanyakazi hutoka nje upande unakotoka upepo na kupiga simu: namba 114 kwa Tanzania, 999 kwa Kenya.

Moto wa bateri unaweza kurudi baada ya saa au hata siku kadhaa. Gari lililopata ajali au lililozama katika mafuriko huegeshwa nje, umbali wa mita 15 hivi kutoka kwenye majengo na magari mengine, hadi bateri yake ikaguliwe.

## Huduma ya kwanza

Mtu aliyenaswa haguswi kwa mikono mitupu. Huvutwa kwa fimbo ya uokoaji au na mtu aliyevaa glavu za kuhami. Akiwa hapumui, husaidiwa kwa kukandamizwa kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6. Kifaa cha kushtulia moyo, kikiwapo, hutumiwa mapema iwezekanavyo. Aliyepigwa na umeme mkubwa hupelekwa hospitalini hata akijisikia mzima, kwa sababu mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika baadaye na majeraha ya ndani hayaonekani nje.

## Mafunzo na sheria

Vifaa havimfai asiyejua kuvitumia, kwa hiyo nchi kadhaa zimeweka ngazi za mafunzo. Ujerumani, mwongozo wa bima ya ajali kazini unaojulikana kama DGUV 209-093 hutenganisha fundi anayefanya kazi za kawaida kwenye gari la umeme, anayeruhusiwa kuzima mfumo wa volti kubwa, na anayeruhusiwa kugusa sehemu zenye umeme. Uingereza, Kanuni za Umeme Kazini za mwaka 1989 hudai kwamba asiye na ujuzi wa kutosha asifanye kazi hizo, na taasisi ya wafanyakazi wa sekta ya magari, IMI, hutoa vyeti vya ngazi mbalimbali.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA. Kenya ina sheria kama hiyo ya mwaka 2007, na Uganda ya mwaka 2006. Sheria hizo zinahusu kazi za aina zote, na humtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga.

## Hali ya Afrika Mashariki

Magari mengi ya volti kubwa katika Afrika Mashariki ni magari mseto yaliyotumika, kutoka Japani, kama Toyota Prius, Toyota Aqua na Honda Fit ya mseto. Hufika yakiwa na umri wa miaka kadhaa, wakati bateri zake zinakaribia kuchoka. Kwa hiyo kazi ya kufungua bateri, ambayo katika nchi yalikotengenezwa hufanywa na karakana maalumu, hapa huweza kufanyika katika gereji ya mtaani au ya jua kali. Nairobi kuna mabasi ya umeme, na Kigali na Nairobi kuna pikipiki za umeme. Pikipiki nyingi ziko kati ya volti 48 na 72, kwa hiyo baadhi ziko chini ya mpaka wa volti 60 na nyingine juu yake; zote zinaweza kutoa cheche ya kuunguza.

Hali ya hewa pia huchangia. Katika joto la pwani mikono hutoka jasho, na ngozi iliyolowa hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Kazi ya nje wakati wa mvua hailindwi na mkeka wala glavu, kwa kuwa maji huunda njia nyingine ya umeme.

Gereji ndogo isiyoweza kununua vifaa vyote inaweza kuanza na hivi: jozi ya glavu za daraja 0 zenye tarehe ya kipimo pamoja na glavu za ngozi, ngao ya uso, multimita ya CAT III volti 1,000, seti ndogo ya zana za kihami, kufuli, bango na fimbo ya uokoaji. Kwa vifaa hivyo fundi aliyefunzwa anaweza kuzima mfumo, kuufunga na kuuthibitisha. Kufungua bateri yenyewe kunahitaji zaidi ya hapo, na gereji isiyo na mwangalizi, mkeka, vifuniko na nafasi kavu iliyotengwa hupaswa kuipeleka bateri kwa wenye uwezo huo.